Kurudisha kampavani Uingereza kutoka Hispania: anza kupanga kutokea Calais

Kutoka La Jonquera, mpakani mwa Hispania na Ufaransa, hadi Calais, bandari ya Ufaransa ya kuvukia kwenda Uingereza, ni karibu kilomita 1,200. Ramani ya simu itakuambia unaweza kuzimaliza kwa siku moja na kipande. Usiifuate, maana hesabu hiyo ni ya gari dogo. Kampavani, yaani gari lenye vitanda na jiko ndani, ya tani 3.5 na yenye kimo kinachokaribia mita 3, inatulia barabarani kwenye spidi ya 90 hadi 100, na dereva aliyetembea kilomita 300 au 350 kwa siku amefanya kazi ya kutosha. Chukua saa ya feri au treni uliyokatia tiketi, rudi nyuma siku nne za barabarani na moja ya akiba. Hapo umepata tarehe ya kuvuka mpaka, na usiisogeze hata kama jua la Catalonia bado linawaka.

Tarehe hiyo inambana zaidi anayeishi Uingereza kwa pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda. Stika ya visa ya Schengen ina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na pia ina idadi ya siku unazoruhusiwa kukaa. Wengi husoma tarehe ya kuisha na kusahau idadi ya siku, kumbe kinachofika kwanza ndicho kinachokufunga. Siku ya kuingia inahesabiwa, na ya kutoka vilevile. Mwenye pasipoti ya Uingereza ana siku 90 ndani ya kila siku 180, na tangu 12 Oktoba 2025 mfumo wa EES wa kusajili wasafiri mipakani mwa Schengen ulipoanza, kuingia na kutoka kunaandikwa kwenye kompyuta pamoja na picha na alama za vidole. Siku ya akiba iwe ndani ya siku zako halali. Ikiwa nje yake, haikusaidii. Na kwa upande wa Uingereza, kadi za BRP za kibali cha ukaazi zilikwisha muda mwishoni mwa 2024. Kibali chako sasa ni eVisa, yaani rekodi ya mtandaoni, kwa hiyo hakikisha pasipoti uliyobeba ndiyo iliyounganishwa na akaunti yako ya UKVI (idara ya visa na uhamiaji ya Uingereza), hasa kama umebadilisha pasipoti karibuni.

Kabla ya kuondoka Hispania, shughulikia uzito. Hili ndilo linaloharibu safari nyingi za kurudi. Gari limekwenda kusini likiwa na nafasi, linarudi na mafuta ya zeituni, vigae, viti vya nje na mvinyo. Sheria ya forodha ya Uingereza inakuruhusu lita 18 za mvinyo wa kawaida bila kodi. Hizo ni chupa 24, ambazo pamoja na vioo vyake zinavuka kilo 30. Tangi la maji la lita 100 likijaa ni kilo 100 nyingine. Kampavani nyingi zikishapakia watu wawili, gesi na dizeli hubakiwa na kilo mia chache tu kabla ya kugusa kikomo cha kilo 3,500, na ukizidisha, faini si yote: bima nayo inaweza kukuleta shida ukipata ajali.

Tazama pia umeweka wapi. Mzigo uliokaa nyuma ya ekseli ya nyuma, kwenye sanduku la nje au juu ya kibebea baiskeli, unalemea ekseli hiyo kwa zaidi ya uzito wake halisi, kwa sababu wakati huohuo unainyanyua pua ya gari. Fiat Ducato na nyingi za jamii yake huvutwa na magurudumu ya mbele. Pua ikiwa nyepesi, mpandoni kwenye mvua magurudumu yanazunguka bila kushika. Vitu vizito viweke chini, katikati ya ekseli mbili, na usafiri na maji lita 20 tu za kunywea chai na kunawa. Utajaza ukifika unapolala. Ukipata mizani ya malori, pima gari zima, kisha kila ekseli peke yake.

Matairi ya kampavani huzeeka kabla ya kashata kuisha. Soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT, ile ya kiwandani, ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Yakishafika miaka sita au saba, badilisha hata kama yanapendeza macho. Upepo upime asubuhi tairi likiwa baridi. Tairi za CP (aina maalumu ya kampavani) za 225/75 R16 upande wa nyuma mara nyingi hutaka bar 5.5, na mashine nyingi za upepo za madukani hazifiki huko. Nenda kwenye sheli inayohudumia malori. Tairi lenye upepo pungufu na mzigo mkubwa linapata joto ubavuni, na linapopasuka kwenye gari refu, hakuna muda wa kufikiri.

Sasa njia. Kati ya Perpignan na Narbonne, barabara ya A9 inapigwa na upepo wa tramontane unaokuja ubavuni. Funga madirisha ya paa kwa komeo zake zote, pandisha ngazi ya mlangoni, shuka hadi 80. Ukipita lori, upepo unakatika ghafla na kurudi ghafla; shika usukani kwa mikono miwili. Kama soksi za upepo, ile mifuko ya kitambaa ya kuonyesha upepo kando ya barabara, zimenyooka, lala Ufaransa kusini usubiri. Siku ya akiba ni ya mambo kama haya.

Kutoka Béziers chukua A75. Hadi Clermont-Ferrand haina tozo isipokuwa kwenye daraja la Millau, lile la mita 2,460 lililofunguliwa Desemba 2004. Baada ya Lodève kuna mpando mkali wa Pas de l'Escalette: punguza gia mapema, usikanyage mafuta hadi chini, na uangalie mshale wa joto. Mbele zaidi barabara inavuka mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia 1 Novemba hadi 31 Machi maeneo mengi ya milimani Ufaransa yanataka matairi ya majira ya baridi, au minyororo ya angalau magurudumu mawili yanayovuta. Minyororo jifunze kuifunga ukiwa pakavu.

Huko juu ndiko gesi inapokatika. Mtungi wa rangi ya chungwa wa Hispania, wa kilo 12.5, ni wa butani, na butani inaacha kugeuka mvuke kwenye nyuzijoto zinazokaribia 0. Mtungi unaweza kuwa nusu na hita ikagoma saa nane usiku. Propani inafanya kazi hadi chini sana, karibu nyuzi 42 chini ya sifuri. Watu huita fundi wa hita wakati kilichohitajika ni kubadilisha mtungi. Kumbuka vichwa vya mitungi vinatofautiana nchi kwa nchi, hivyo nunua rejuleta ya Ufaransa pamoja na mtungi wa propani kabla ya kupanda A75.

Baada ya Clermont-Ferrand na Orléans, iepuke Paris. Programu ya ramani ikiwa haijui kimo chako, inaweza kukupeleka kwenye handaki la Duplex la A86, ambalo mwisho wa kimo ni mita 2. Pitia Chartres, Dreux na Évreux kwa N154, ufike Rouen, halafu A28 hadi Abbeville, ambayo ni bure. Ukigusa A13 karibu na Rouen, jua kwamba tangu 2024 vibanda vya tozo vimeondolewa. Kamera inasoma namba ya gari, na una saa 72 za kulipa kwenye mtandao. Hakuna atakayekusimamisha kukukumbusha. Barua ya faini itakufuata nyumbani. Kwenye barabara zenye vibanda, gari la kimo cha kati ya mita 2 na 3, lisilozidi tani 3.5, ni daraja la 2 la tozo. Mashine ikikuhesabu daraja la 3, bonyeza kitufe cha msaada kabla ya kulipa.

Usiku wa mwisho lala Saint-Valery-sur-Somme au jirani yake. Kuna maegesho ya kampavani yenye maji na pa kumwaga uchafu, na Calais inabaki kilomita 110 hivi. Ukitoka hapo usisimame tena kwenye vituo vya kupumzikia vya barabarani. Uingereza inaweza kumtoza dereva hadi pauni 10,000 kwa kila mtu aliyejificha ndani au juu ya gari lake, hata kama dereva hakujua. Kagua asubuhi na tena kabla ya foleni ya ukaguzi: chini ya turubai la baiskeli, ndani ya masanduku ya nje, juu ya paa, chooni. Piga picha zenye saa, na uweke kufuli kila mlango wa nje.

Friji imalizwe usiku huohuo. Tangu 12 Aprili 2025 hairuhusiwi kuingiza Uingereza nyama ya ng'ombe, kondoo, mbuzi au nguruwe, wala maziwa na jibini kutoka Ulaya, hata sandwichi ya hamu. Mwenye mbwa awe amempa dawa ya minyoo ya tegu kwa daktari wa mifugo kati ya saa 24 na 120 kabla ya kuingia, na imeandikwa kwenye hati zake.

Fika saa mbili kabla ya kuondoka, maana polisi wa Ufaransa na maofisa wa Uingereza wote wanakagua palepale Calais. Feri ya Dover ni kama dakika 90, treni ya chini ya bahari ni 35. Kwa treni, gari linaloendeshwa kwa gesi halipokelewi. Mitungi ya kupikia inapita, ila mabomba yafungwe na mkaguzi ataangalia. Ukishuka upande wa pili, bandua stika za taa ulizoweka kwa barabara za Ulaya kabla giza halijaingia, la sivyo unawamulika wa mbele yako machoni.

Nyumbani usiache maji ndani ya gari hata kwa wiki moja ya Novemba. Fungua vali zote za kumwagia, acha bomba za jikoni na bafuni wazi zikiwa katikati ya moto na baridi, toa maji ya pampu. Kaseti ya choo isuuze, mpira wake upake mafuta ya silikoni, si vaselini wala ya kupikia. Mlango wa friji uache wazi kidogo, na betri ya sebuleni ichajiwe hadi volti 12.7 kabla ya kuizima.