Kongwa ilikuwapo kabla ya karanga

Swali la wiki la gazeti hili lilituuliza: mji mdogo unakoishi ulianzishwa na nani, na kwa nini pale ulipo? Mimi ni mkazi wa Kongwa, mkoani Dodoma. Jibu ambalo wageni husomewa siku zote ni moja: Kongwa ilianzishwa na Waingereza mwaka 1947, kwa ajili ya karanga. Nalikataa jibu hilo.

Waingereza walipofika, hapa palikuwa na watu. Palikuwa na Wagogo, na upande wa milimani Wakaguru. Waliishi katika tembe, nyumba za udongo zenye paa bapa, na zizi la ng'ombe likiwa ndani ya ua. Walilima uwele na mtama kwa sababu mazao hayo huvumilia mvua zetu, ambazo huanza Desemba, hukatika katikati, na miaka mingine hazionekani kabisa. Mgogo akikosa mavuno, alibadilisha ng'ombe kwa nafaka kwa jirani aliyepata. Mifugo ndiyo ilikuwa ghala lake. Hata misafara iliyotoka pwani iliijua nchi hii kwa ukame wake: ilipumzika Mpwapwa, ikajaza maji, ndipo ikathubutu kuvuka Marenga Mkali, nyika kavu isiyo na maji.

Na watu hao walikuwa wametoka kwenye msiba. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yalichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua zilipokosekana hapakuwa na akiba wala nguvukazi, na njaa ya Mtunya ya 1918 hadi 1920 ikaua na kutawanya watu Ugogo nzima. Waliorudi walianza upya juu ya ardhi ileile. Kwangu, hao ndio waanzilishi wa Kongwa. Naona uchungu kila ninaposoma kwamba mwaka 1947 hapa palikuwa pori tupu.

Basi zikaja karanga. Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, na mwaka 1946 ujumbe ukiongozwa na John Wakefield ulizunguka Afrika Mashariki na ya Kati kwa wiki tisa, sehemu kubwa ukiitazama nchi kutoka kwenye ndege. Ukapendekeza ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kongwa ikatangulia kwa kuwa ilikuwa karibu na reli ya kati.

Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa kusafisha ekari 150,000. Zilizopandwa karanga zilikuwa kama 7,500. Matrekta mengi yalikuwa mitumba ya vita. Vifaru viligeuzwa mashine za shamba, na minyororo ya nanga za meli ikafungwa kati ya makatapila mawili ili kung'oa miti. Mibuyu na mizizi ya vichaka vilivunja vyuma. Lakini adui mkubwa alikuwa udongo wenyewe. Karanga hukomaa ardhini, na udongo wetu mwekundu, mvua ikikoma, hukauka ukawa kama tofali la kuchoma. Hata karanga zilipozaa, kuzing'oa ilikuwa kazi nyingine. Mkulima yeyote wa hapa angeweza kuwaambia hayo kabla hawajashusha trekta la kwanza. Serikali ya Uingereza ilifunga mradi Januari 1951, baada ya kuteketeza takribani pauni milioni 36.

Sidai kwamba mradi haukuacha kitu. Maelfu ya vibarua walikuja kutafuta mshahara, na wapo waliobaki. Ziliachwa barabara, majengo na eneo kubwa lililofyekwa. Na eneo hilo likaishia kuwa nini? Ranchi ya ng'ombe, hiyo Ranchi ya Kongwa mnayoisikia hadi leo. Ardhi ikarudi kwenye kazi ambayo Wagogo waliipangia zamani.

Sura ninayoipenda zaidi ilianza 1964. Tanganyika huru iliwapa wapigania uhuru mahali pa kuishi na kufanya mazoezi, na mahali hapo pakawa Kongwa, kwenye mabaki ya mradi wa karanga. FRELIMO ya Msumbiji walifika, kisha ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, ZAPU ya Zimbabwe na MPLA ya Angola. Samora Machel, ambaye baadaye alikuwa rais wa kwanza wa Msumbiji, aliongoza kambi ya FRELIMO hapa. Wapiganaji hao hawakuishi peke yao. Walinunua vyakula kwa wenyeji, walicheza nao mpira, wengine walioa hapa, na wapo watoto waliozaliwa wa baba kutoka Afrika Kusini au Namibia na mama wa Kigogo. Wengine hawakurudi kwao, na makaburi yao tunayo.

Vijiji vinavyotuzunguka navyo vina historia yao. Mpangilio wa vingi ni wa Operesheni ya Dodoma, mwanzoni mwa miaka ya 1970, familia zilipohamishwa kutoka kwenye tembe zilizotawanyika na kukusanywa pamoja. Na leo biashara kubwa ya wilaya haiko Kongwa mjini. Iko Kibaigwa, kwenye barabara ya Morogoro na Dodoma, penye soko la mahindi ambalo malori hulifuata kutoka mbali.

Ombi langu kwa mhariri na kwa walimu wa historia wa wilaya hii ni moja. Nyaraka za karanga zimehifadhiwa Uingereza na zimeandikiwa mengi. Masimulizi ya Mtunya, ya kuhamishwa vijijini na ya maisha kando ya kambi yako kwa wazee wetu, na wanapungua kila mwaka. Wapeni wanafunzi kazi ya kuwahoji likizo hii, kwa Kigogo pale mzee anapokiona chepesi zaidi, na majibu yachapishwe humu gazetini.

Msomaji, Kongwa