Mafuta ya Elfu Kumi, Nyanya za Mia Tano

Kazi yangu ni kuandaa mishahara ya watu. Nakaa kwenye ofisi ndogo mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, juu ya duka la vipuri, na kila ikikaribia tarehe 20 naanza kupiga hesabu: nani kakosa siku ngapi, nani kafanya ovataimu, nani bado anadaiwa advansi ya mwezi uliopita. Ungedhani mtu wa kazi hiyo anajua pesa zake mwenyewe zinaishia wapi. Mimi sikujua mpaka mwaka 2022, na aliyenifungua macho ni kijana anayeuza nyanya kwetu Kinyerezi.

Ilikuwa jioni, Septemba, natoka kazini nimechoka. Mafungu yake yamepangwa kama siku zote, mia tano mia tano. Nikanyanyua moja nikaona mkono mwepesi. Nikahesabu: nyanya tatu. Mwanzoni mwa mwaka fungu lile lile lilikuwa na tano, nakumbuka kwa sababu mboga ya siku mbili ilikuwa inatoka humo.

"Kaka, fungu limekonda hili."

"Mama, bei ni ile ile."

Na kweli, bei ilikuwa ile ile. Hakunidanganya hata kidogo. Nimetembea nyumbani na mfuko wangu nikilirudia neno lake kichwani, na nadhani tangu siku hiyo ndipo nilipoanza kuelewa kwa nini mshahara wetu ulikuwa unakata tarehe 17 wakati zamani ulikuwa unafika tarehe 24.

Sisi wa Dar tunanunua kwa pesa, hatununui kwa kipimo. Nyanya za mia tano. Mafuta ya kupikia ya elfu moja kwa Mangi, mwenye duka la mtaani. Umeme wa elfu tano. Dagaa wa elfu mbili. Ukiingia sheli, hamna anayetaja lita: "Weka ya elfu kumi." Mkono unatoa noti ile ile kila mara, kwa hiyo akili inaamini kwamba matumizi hayajabadilika. Kilichobadilika ni ujazo, na ujazo ukipungua unarudi dukani mapema zaidi. Ulikuwa unanunua mara tatu kwa wiki, sasa unanunua mara tano, na bado ukiulizwa utasema unatumia "kama kawaida".

Nirudi nyuma kidogo nieleze tulivyofikia hapo, maana mwaka ule tulijidanganya mara mbili.

Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Mei Mosi ya 2022 kule Dodoma, Rais Samia alipowaambia wafanyakazi kwamba lile jambo lao, yaani nyongeza ya mshahara, lipo, nyumbani kwetu tulishangilia kama timu imefunga goli. Wiki mbili hivi baadaye ikatangazwa asilimia 23.3. Tukachukua kalamu, tukazidisha mshahara wake wote kwa asilimia 23.3, tukapata pesa nzuri mno. Kwa hesabu hiyo tukalipia Vitz ya mkononi, nusu taslimu na nusu kwa makubaliano ya miezi minane na mwenye gari.

Kosa lilikuwa letu. Tangazo lilisema kima cha chini. Asilimia ile ilikuwa ya wale wa chini kabisa, na mshahara ulivyozidi kupanda ndivyo nyongeza ilivyozidi kupungua. Slipu ya Julai ilipotoka, kilichoongezeka kwake hakikufika elfu ishirini. Nyumba ina karani wa mishahara ndani, na bado hakuna aliyelisoma tangazo mpaka mwisho.

Halafu ikaja Agosti. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na Jumatano ya Agosti 3 petroli ya Dar es Salaam ikatoka kwa shilingi 3,410 kwa lita. Hiyo ni baada ya ruzuku! Kuanzia Juni serikali ilikuwa imeweka shilingi bilioni 100 kupunguza makali ya vita ya Urusi na Ukraine, vita ambayo ilipandisha mafuta dunia nzima.

Kutoka kwetu mpaka Gerezani na kurudi, pamoja na foleni, Vitz ile ilikuwa inakunywa lita tatu. Mei, lita ilipokuwa 3,148, elfu kumi yangu ya asubuhi ilinipa lita tatu na kidogo, naenda na kurudi. Agosti elfu kumi ile ile haikutimiza lita tatu. Tofauti ni ndogo sana, chini ya robo lita, lakini ndiyo iliyokuwa inanirudisha nyumbani. Siku ya kwanza taa ikawaka nikiwa Tabata, nikadhani gari lina kasoro. Nikalipeleka kwa fundi. Fundi akala elfu thelathini yangu kwa kusafisha plagi ambazo hazikuwa na ugonjwa wowote.

Nilipokaa na kikokotoo ndipo nikaona: lita tatu kwa siku, siku 22 za kazi, ni zaidi ya laki mbili na ishirini kwa mwezi. Daladala kwa njia yangu, kwenda na kurudi, haikufika elfu mbili kwa siku, hata baada ya nauli za njia fupi kupanda kutoka 400 hadi 500 mwezi Mei. Gari tulilolinunua kwa nyongeza ambayo haikuja lilikuwa linakula pesa ya ada.

Ushauri wangu wa kwanza ndio huo, na nautoa kwa uchungu: ukisikia mshahara unapanda, usiipe nyongeza kazi kabla hujaiona kwenye slipu. Hata ukiiona, tazama kilichobaki baada ya makato. Nikupe mfano wa mezani kwangu. Mtu wa sekta binafsi anapata 800,000, bosi anamwongezea laki moja. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inachukua asilimia 10 yake, elfu kumi. Kinachobaki kinaingia kwenye kodi, na kwa sababu mshahara wake baada ya NSSF unatoka 720,000 hadi 810,000 na kuvuka 760,000, kipande kinakatwa asilimia 20 na kipande asilimia 25, jumla 20,500. Kama alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, asilimia 15 ya ile laki nayo inaondoka, 15,000. Kinachofika nyumbani ni 54,500. Mara ngapi nimemwona mtu amekwisha kuahidi laki nzima kwa mwenye nyumba, kwa mama yake kijijini na kwa kikoba, kisha anakuja dirishani kwangu kuuliza nimemwibia wapi!

Jambo la pili: wenye magari na wasio na magari, angalieni bei ya dizeli. Watu wengi hutazama petroli tu kwa sababu ndiyo inayoandikwa kwa herufi kubwa na ndiyo bodaboda anayoilalamikia. Lakini nyanya ya Kinyerezi inatoka Ilula, Iringa, karibu kilomita 450, juu ya lori la Fuso linalokunywa dizeli. Viazi vinatoka Njombe, mchele unatoka Mbarali na Kyela. Fuso linashusha Ilala au Mabibo, kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, kinachukua kutoka hapo mpaka genge la mtaani kwenu, na kila mmoja anaongeza chake njiani. Dereva wa Fuso hawezi kumwambia mwenye sheli "nipunguzie nyanya mbili". Yule wa mwisho kwenye mnyororo, muuza fungu, ndiye anayepunguza nyanya mbili, kwa sababu anakujua una mia tano na hutatoa mia nane.

Kwa hiyo siku hizi Jumatano ya kwanza ya mwezi nasoma dizeli kabla ya petroli. Ikiruka, najua gengeni kutabadilika si kesho, ila kabla mwezi haujaisha. Vitu vya kuoza huwezi kuvikwepa. Mchele unaweza. Mavuno ya mchele wa Mbeya yakiingia sokoni katikati ya mwaka, tunachukua gunia na jirani zangu wawili, tunagawana debe kwa debe sebuleni, watoto wanalalamika vumbi. Ni kero ya siku moja.

Sasa nieleze daftari langu la matumizi, ambalo mume wangu huliita Biblia ya pili.

Niliacha kuandika nimetumia shilingi ngapi. Niliwahi kuandika hivyo miaka mitatu na hakukunisaidia kitu, kila ukurasa ulionekana sawa. Nikaanza kuandika siku. Kila ninachonunua naandika tarehe kilipoingia na tarehe kilipokwisha. Sukari kilo moja: siku tisa. Mtungi mdogo wa gesi: siku ishirini na sita. Mafuta ya kupikia ya elfu moja kwa Mangi: siku moja na nusu.

Haya ya mwisho ndiyo yaliyonishtua. Nilipojumlisha vipimo vyote vya elfu moja vya mwezi mzima, nilikuwa nimelipa pesa ambayo kwenye dumu ingenipa mafuta mengi zaidi ya niliyoyapata kwa vipimo. Simlaumu Mangi, naye ananunua, anapima, anakopesha watu wasiorudi. Lakini mimi ni mtu wa mshahara, pesa yangu inaingia yote siku moja. Kupima kila siku ni kwa yule anayepata kila siku. Mtu wa mshahara anayenunua kama kibarua analipa zaidi kwa hiari yake. Kwa hiyo siku ya mshahara dumu linaingia kwanza, pamoja na sukari, sabuni ya mche na mchele kama gunia limekwisha. Kitakachobaki ndicho kitakachokwenda gengeni kwa mafungu.

Faida ya kuandika siku ni kwamba inakuonyesha nini kimekusogelea kimyakimya. Siku zikipungua na watu nyumbani ni wale wale, ama ujazo umepunguzwa ama mmeongeza matumizi. Mwezi mmoja sukari ilishuka kutoka siku tisa hadi sita. Nikamshuku Mangi na mizani yake. Kumbe ni mdogo wangu amejifunza kutengeneza juisi ya ukwaju kwa ajili ya kuuza shuleni, na hakuniambia.

Kuhusu ofisini, kuna jambo naliona ambalo halipo kwenye taarifa ya habari. Maisha yakiwa ya kawaida, maombi ya advansi huanza kunifikia kuanzia tarehe 16 au 17. Mwishoni mwa 2022 yalikuwa yanaanza tarehe 9. Na wanaoomba hawakuwa walevi au wacheza kamari, walikuwa watu wazima wenye watoto, wakaaji wa Chanika na Mbagala, ambao nauli peke yake ilikuwa imewaondolea chakula cha mchana. Ukimwuliza amepunguza nini, jibu karibu ni moja: nguo kwanza, kisha nyama, kisha michango ya harusi. Bando la simu huwa la mwisho kabisa, hata kwangu mimi. Advansi ni bora kuliko mikopo ya kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kubwa, lakini nakuomba, ukichukua mara moja usichukue mwezi unaofuata. Advansi mbili mfululizo maana yake umehamisha tarehe yako ya kuishiwa, na tarehe hiyo hairudi yenyewe.

Kitu kingine: usisubiri bei zishuke pamoja na mafuta. Mafuta hushuka, vingine haviteremki. Desemba 2023 nauli ya njia fupi ilikwenda 600. Mwaka 2025 petroli ya Dar ilirudi chini ya elfu tatu, na konda wangu aliendelea kudai mia sita yake, kihalali kabisa. Bodaboda wa kituoni kwetu aliyepandisha elfu moja hadi elfu moja mia tano akisema "mafuta, dada", nilimkumbusha. Akacheka, akasema na tairi nazo zimepanda. Basi kwenye bajeti, ongezeko la nauli liweke kama la kudumu tangu siku ya kwanza. Ahueni ikija kwenye petroli, itamfaa mwenye gari peke yake.

Na gari? Hatukuliuza. Tulimaliza deni Februari iliyofuata kwa taabu, nikarudi kwenye daladala siku nne za wiki. Siku ya tano, Ijumaa, tunakwenda na gari wanne: mimi, mume wangu anayeshukia njiani, na majirani wawili wanaofanya kazi Kariakoo ambao kila mmoja anachangia elfu tatu. Mwanzoni niliona haya kupokea. Mume wangu ndiye aliyesema haya hainunui petroli.

Ijumaa iliyopita yeye ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Tukaingia sheli ya Segerea, mhudumu akainama dirishani, "Ya elfu kumi, mzee?"

"Lita tatu."

Yule binti akamwangalia. "Ya shilingi ngapi?"

"Lita tatu, mwanangu. Shilingi utaniambia wewe."