Muulize Shangazi: Mama anasahau, nyumba ya wazee naichaguaje?

*Shangazi shikamoo. Mimi naishi Leicester na mamangu, ana miaka 79, mtu wa Kibokoni Mombasa, tulikuja huku 1996. Miaka mitatu nyuma walimpima wakasema ni Alzheimer. Mwanzo ilikuwa kuuliza jambo moja mara kumi, sa hivi ikifika magharibi anajifunga leso anataka kutoka, ati atachelewa feri ya Likoni. Mwezi uliopita saa nane ya usiku polisi walimleta, walimkuta stendi ya basi hana viatu. Mimi kazi yangu ni ya shifti, bwanangu mgongo mbovu, hatulali. Soshowaka, yule afisa ustawi wa jamii, amesema mama anahitaji mahali pa kuangaliwa saa 24 akanipa karatasi ina majina ya nyumba sita. Ndugu zangu Mombasa kila siku voisi noti, namtupa mama. Na nyumba tunayokaa ni ya jina lake, marehemu baba alimwachia, mimi nina miaka 53. Nachaguaje, na je wataichukua nyumba?*
*Mwana wa Kibokoni, Leicester*

Marahaba mwanangu. Pole sana, tena pole ya mtu anayejua, maana kabla sijaanza safu hii nimefanya kazi ya kea, yaani kuhudumia wazee, huku Uingereza miaka kumi na moja, nimeosha wazee, nimewalisha, nimekimbizana nao korido usiku, kwa hiyo ntakwambia nilivyoviona kwa ndani, sio yale ya kwenye vipeperushi vyao vya picha za bibi anacheka na puto.

Hao wa voisi noti tuwamalize haraka. Mchague mmoja, yule mwenye mdomo zaidi, mpigie video saa nne usiku mwambie akae macho na wewe hadi alfajiri aone mama anavyovuta kitasa. Hutasikia noti nyingine.

Haya, karatasi ya majina sita. Kila jina liangalie kwa CQC, hao ndio wakaguzi wa nyumba za kea England, ripoti zao ziko wazi mtandaoni bure na kila nyumba inapewa daraja, yapo manne, Outstanding (bora sana), Good (nzuri), Requires Improvement (inahitaji kurekebishwa) na Inadequate (haifai). Lakini usione Good ukafunga simu, angalia tarehe! Kuna nyumba ina Good ya miaka mitano iliyopita na tangu hapo meneja kabadilishwa mara tatu, sasa hiyo Good ni ya watu walioshaondoka. Halafu ujue aina, maana residential wanamuosha, wanampa chakula na dawa ila nesi hakai pale, nursing lazima nesi awepo usiku na mchana na bei inapanda ipasavyo. Mtu kama mama yako, anatembea, kazi yake ndo hiyo ya kukuponyoka saa nane usiku, mara nyingi hahitaji nesi, anahitaji nyumba iliyozoea demensia, yaani maradhi ya kupoteza kumbukumbu na uelewa, Alzheimer ni aina yake mojawapo. Muulize soshowaka kaandika ipi kwenye tathmini ya mahitaji, hiyo tathmini ni haki ya mama kwa Care Act ya 2014, hailipiwi, na omba nakala yake uisome mwenyewe.

Kutembelea sasa. Watakupangia Jumanne saa nne asubuhi, meneja yupo, maua mezani, keki imetoka ovenini. Nenda, kula keki yao, shukuru. Kisha rudi bila miadi Jumapili jioni, kati ya saa kumi na moja na saa moja, maana hiyo ndo saa yenyewe, wenye demensia wengi jua likianza kuzama wanachafukwa kama mama yako na feri yake, na wikendi meneja kalala kwake. Wakikukatalia mlangoni kwa sababu ya chakula cha jioni waelewe, waulize urudi saa ngapi, ila wakikwambia wikendi hatupokei wageni kabisa, toa jina kwenye karatasi.

Ukiingia usikague mapazia. Omba kukaa sebuleni kwao lisaa limoja, kaa tu. Angalia kikombe cha chai. Mzee kawekewa chai, je anaifikia? Nimeona mimi vikombe vinapoa kwenye kimeza nusu mita mbali na mkono, kijana anapita anachukua kikombe kimejaa vile vile, anaandika kwenye daftari "amekunywa." Mzee mwenye demensia hakwambii ana kiu, anakauka hivo hivo mpaka anaanguka. Angalia kucha, angalia kama miwani iliyo usoni ni ya mwenyewe (utacheka, lakini miwani na meno ya bandia vinahama watu kila siku). Mtu akiita, wanakuja au wanapiga kelele "nakuja mpenzi" kutoka mlango wa pili? Anapoongea na mzee anachuchumaa macho yakutane au anamsemea juu ya kichwa? Harufu ya mkojo asubuhi isikutishe, hizo ni nyumba za wazee, ile iliyoingia kwenye kapeti mpaka jioni ndo mbaya, na manukato makali ya kupulizia yaogope pia.

Sasa nikwambie jambo ambalo soshowaka hatakwambia kwa sababu halijui. Mama yako huenda Kiingereza kikamtoka. Aliyejifunza lugha ya pili ukubwani, demensia ikikolea ile ya pili ndo huwa ya kwanza kupotea, anabaki na ya utotoni. Kuna nyumba niliwahi kufanya, aliletwa bibi mmoja wa kwetu pwani, nikaingia shifti ya mchana nikakuta kwenye daftari wameandika asubuhi nzima amekuwa akimwita dada yake anaitwa Haja, amelia, amepiga wahudumu wawili. Dada gani! Bibi wa watu anasema haja, haja, anataka kwenda haja. Asubuhi nzima wamemkalisha kwenye kiti. Na walipompeleka mwisho wa yote akakataa karatasi, akawapiga tena, maana yeye anataka kopo la maji, maisha yake yote katumia maji, leo mgeni anamfuta na karatasi atakubali vipi? Nikachota maji kwenye jagi la plastiki nikampa, akatulia kama si yeye, akaniombea dua.

Na hapo kosa likawa langu. Nilienda nyumbani nimefurahi nimemsaidia, sikuandika popote. Kesho yake sipo kazini, yale yale, bibi kalia, kapiga watu, wakamwita daktari akaandika dawa ya kumtuliza.

Kwa hiyo sikia. Kabla mama hajahamia, kaa na meneja mwandike kwenye kea plani yake, ule mpango wa jinsi ya kumhudumia, kwa maandishi: maji chooni, kila mara, na kopo lake likae pale. Wanawake tu wa kumuosha. Kichwa kinafunikwa. Kadi ukutani karibu na kitanda yenye maneno kumi ya Kiswahili na matamshi yake kwa Kiingereza, haja, maji, naumwa, baridi, njaa, nataka kulala. Meneja akikunja uso kwa hayo, umeshapata jibu lako kuhusu nyumba hiyo hata kama ina bustani ya waridi. Waulize kama kuna mfanyakazi yeyote Mswahili au Msomali au Mkongo wa mashariki, Leicester hawakosi. Na chakula halali waulize ni nini hasa, nyumba nyingi watakujibu "ndio tunafanya halali" kumbe maana yake viazi vya ganda na maharage ya kopo siku saba kwa sababu nyama yao haifai.

Maswali mengine ya kumbana nayo meneja: usiku wanabaki wahudumu wangapi kwa wazee wangapi, wangapi ni wa wakala wanaobadilika kila shifti, yeye mwenyewe yuko hapo tangu lini, wangapi humo wanapewa dawa za kutuliza akili na nani huzipitia upya. Hizo dawa kwa wenye demensia zinaongeza hatari ya kiharusi na kifo, zikitumika iwe kwa sababu ya maana na kwa muda mfupi. Milango itakuwa na namba za siri, hilo lazima kwa mama yako, lakini kumfungia mtu asiyeweza kukubali mwenyewe kunahitaji idhini kwa sheria, nyumba ndo inaiomba kaunsili (halmashauri ya mji), na wewe unaweza kuwa mwakilishi wake. Uliza pia kama kuna uwanja wa kutoka na kuzunguka bila kusindikizwa, mtu wa kutembea ukimkalisha kutwa ndo anapiga watu.

Pesa, na hapa usinichukie. Kwa England mwenye mali ya zaidi ya pauni 23,250 anajilipia mwenyewe, chini ya 14,250 akiba yake haiguswi, na kati hapo anachangia. Viwango hivyo havijapanda tangu 2010, ebu fikiria. Nyumba inahesabiwa mtu akihamia kwa kudumu, isipokuwa humo anaishi mume au mke wake, au ndugu wa miaka 60 na zaidi, au ndugu mlemavu. Wewe una 53, kwa hiyo kwa umri wako haikingwi. Ila huyo bwanako na mgongo wake, mkwe naye ni ndugu kwa kanuni zao, kama ulemavu wake unatambulika kisheria muulize soshowaka kwa maandishi. Na wiki 12 za mwanzo nyumba kwa kawaida haihesabiwi, tumia muda huo. Usije ukasikia ushauri wa msikitini au kazini wa kuihamisha iwe jina lako wiki hii, kaunsili wakiona umekwepa kwa makusudi wanaihesabu kama bado ni ya mama, na hapo una kesi na hela huna. Badala yake uliza deferred payment, kaunsili wanalipa sasa, deni linakaa juu ya nyumba pamoja na riba kidogo na linalipwa ikiuzwa, mara nyingi baada ya mama kuondoka duniani. Na kama mama ana fungu kwenye nyumba ya Kibokoni, sema, mali ya ng'ambo wanaiuliza pia.

Waombe wampime kwa NHS Continuing Healthcare, mpango wa NHS (huduma ya afya ya serikali) kwa wenye mahitaji makubwa ya kiafya, hiyo ikipita NHS inalipa zote na haijali una nyumba ngapi. Wengi wanakataliwa, omba tu. Na kama siku zake nzuri mama bado anaelewa anachosaini, kimbilia Lasting Power of Attorney leo, hati ya kukupa wewe mamlaka ya kuamua kwa niaba yake, ya afya na ya pesa, ni fomu mbili tofauti. Akishapoteza uelewa itabidi Court of Protection, mahakama ya mambo ya wasioweza kujiamulia, na huko ni miezi na gharama.

Kabla ya kusaini soma mkataba sehemu tatu: bei inapanda vipi kila mwaka, akilazwa hospitali kitanda mnalipia vipi, na pesa zake zikiisha wanakubali kiwango cha kaunsili au wanamtoa. Hiyo ya mwisho wajibu kwa barua. Anza na wiki mbili za mapumziko, yaani mama akae kwa muda tu, kama wana nafasi, muone analala vipi. Mpelekee leso zake zile kuukuu, sio mpya, na zishone jina kwa uzi maana kalamu inafutika dobini.

*Shangazi, mimi niko Tanga. Babu yetu miaka 74 alikuwa mzima, wiki hizi mbili ghafla hatujui, usiku anaongea na marehemu bibi, mchana anasinzia. Mtaani wanasema kaingiliwa na jini, mjomba anataka tumpeleke makazi ya wazee ya serikali Mwanzange. Tufanyeje?*

Mwanangu, neno lako "ghafla" limenishtua kuliko hayo mengine yote. Demensia huja pole pole, miaka, mtu haamki Jumatatu akawa haelewi. Mzee akichanganyikiwa kwa siku chache, mara anasinzia mara anaona watu, mara nyingi kuna kitu mwilini: maambukizi ya mkojo, malaria, nimonia, sukari imeshuka au imepanda, maji yamepungua, au dawa mpya haikumkubali. Hivo vingi vinatibika na vingine vinaua kwa kucheleweshwa, kwa hiyo huyo mnampeleka hospitali leo, sio wiki ijayo baada ya kumaliza kombe la maji ya aya. Kombe mtamnywesha mkitaka, lakini baada ya vipimo.

Mwanzange mwambieni mjomba asahau, makazi yale ya serikali ni ya wazee wasiojiweza ambao hawana mtu, na nyinyi mko wangapi hapo nyumbani? Mkienda hospitali wekeni dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, na za miti shamba pia, daktari azione. Na muulizeni vizuri, yeye na anayelala naye chumba kimoja, kama alianguka akagonga kichwa, hata iwe mwezi mmoja na nusu nyuma na hata kama aliinuka akaendelea na shughuli zake, maana damu huweza kuvuja kidogo kidogo ndani ya fuvu wiki kadhaa kabla haijaonekana. Akisema alianguka chooni, mwambieni daktari hilo kwanza.