Kufadhili ugaidi na kutakatisha fedha, ni kitu kimoja?

Msomaji wa Mombasa anauliza: mbona kwenye habari wanachanganya kutakatisha fedha na kufadhili ugaidi, halafu kufadhili si neno la wema, linafaa kweli hapo?

Swali zuri sana ndugu yangu. Kufadhili asili yake ni fadhila, ndo maana wahenga wakasema mfadhili mbuzi utakunywa mchuzi, lakini siku hizi tunaelewa ni kutoa hela za kuendeshea jambo, liwe kisima cha kijiji au shambulio, na serikali za Kenya na Tanzania zenyewe zinasema ufadhili wa ugaidi, kwa hiyo andika bila wasiwasi.

Ila kuyachanganya hayo mawili ndo kosa. Kwenye kutakatisha, hela imetoka pabaya, hongo labda au dawa za kulevya, sasa mtu anaizungusha kwenye biashara ya nyumba au magari ionekane safi. Kwenye kufadhili ugaidi tunaangalia inakoenda, yaani inaweza kuwa mshahara halali kabisa au michango ya watu ila mwisho inanunua risasi, tena mara nyingi ni viwango vidogo vidogo ambavyo benki haishtuki, ndo maana serikali zinapata shida kuifuatilia.

Kingine, kuzuia akaunti sio kutaifisha. Ukizuiliwa, hela bado ni yako ila huigusi mpaka uchunguzi uishe, ikitaifishwa imeshakuwa ya serikali. Aprili 2015 baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya ilizuia akaunti za watu na mashirika 86, wakiwemo Muhuri na Haki Africa, mashirika ya kutetea haki za binadamu ya hapo hapo Mombasa, na mwaka huohuo mahakama ikaamuru akaunti za mashirika hayo mawili zifunguliwe maana ushahidi haukuwepo. Sasa kama ulishaandika "mali za wafadhili wa ugaidi zimetaifishwa" umeshawahukumu watu na kuwapokonya mali zao wewe mwenyewe kwa kalamu.

Na hawala, yaani kutuma pesa kupitia mawakala bila benki, jamani si jina la kosa! Mtu anatoa hela Eastleigh, Nairobi, wakala anampigia mwenzake Mogadishu, mama anapokea siku hiyohiyo, wao wanamalizana baadaye. Leseni za kampuni 13 za kutuma pesa zilisimamishwa Aprili ile, Juni zikaachiwa. Kwa hiyo usiandike "alikamatwa kwa hawala", andika anadaiwa kufadhili ugaidi kupitia hawala.