Kabla ya kulipia, uliza bolti ni za metali gani

Nina karakana ndogo ya kuchomelea hapa Mtwara mjini, na somo langu kubwa kuhusu metali nililipata kwa aibu, tena kutoka kwa mteja.

Mzee mmoja wa Mikindani aliniagiza ngazi ya boti. Nikamtengenezea ya aluminiamu, maana ni nyepesi, kama theluthi moja ya uzito wa chuma, na haishiki ile kutu nyekundu. Nikaifunga kwa bolti za brasi kwa sababu ndizo nilizokuwa nazo, na zinang'aa. Miezi michache baadaye akaja na leso imefungwa fundo. Akaifungua mezani kwangu: bolti nne, nzima kabisa.

"Mwanangu, bolti zako hizi hapa. Ngazi ndiyo imeliwa."

Nikaenda kuitazama. Matundu yametanuka, kidole kinapita, na kandokando kuna unga mweupe kama chumvi. Metali mbili tofauti zikigusana kwenye maji ya bahari huwa kama betri, na mnyonge ndiye anayeliwa. Brasi ni shaba na zinki. Mbele ya shaba, aluminiamu haina ubavu.

Kwenye stenles, yaani chuma kisichoshika kutu kirahisi, wengi huja na sumaku mfukoni. Isiponasa, wanaamini ni nzuri, wanalipa. Lakini stenles zina madaraja, na ya 304 na ya 316 zote kwa kawaida hazinasi, na upepo wa bahari kule Shangani huitia 304 madoa ya kahawia. 316 ina molibdeni asilimia 2 hadi 3, ndiyo maana inaistahimili chumvi zaidi. Bei yake inauma, najua. Kwa geti la mitaa ya ndani chuma cha kawaida kinatosha, mradi kipigwe rangi ya kuzuia kutu na midomo ya paipu izibwe. Kutu ya paipu hupenda kuanzia ndani, usikoona.

Na mafundi wenzangu: paipu yenye zinki ikwangueni kwanza pale mnapochomelea. Ule moshi mweupe unaleta homa na kutetemeka usiku. Maziwa nimekunywa sana, sijaona yakizuia kitu. Chomeleeni nje, penye upepo.

Ngazi ya mzee niliirudia kwa aluminiamu ileile na bolti za 316, kila bolti nikaivika kipande cha mrija wa plastiki na washa za plastiki ili metali zisigusane. Alilipia bolti tu.