Deikea ya mtoto mchanga: nenda saa 7 mchana ndo utaijua

Mdogo wangu pole kwanza, nimesoma ulichoandika nikajiona mwenyewe kabisa miaka minne iliyopita. Siku 84 za uzazi zimeisha, ukaunganisha na 28 za likizo ya mwaka nazo zimeisha, mtoto ana miezi 4, dada aliyekuwa aje kutoka kijijini kaghairi dakika za mwisho, nyumbani Tabata kazi Posta, na hapo mtaani umeonyeshwa deikea mbili, moja jengo zuri lina bembea na kuta zimechorwa twiga na namba, nyingine nyumba ya kawaida tu ya mama mmoja, unauliza uchague ipi. Mi siwezi kukuchagulia maana sijaziona, ila nitakueleza yaliyonikuta maana sitaki hata kidogo yakukute.

Mi nilichagua ya bembea. Nilienda Jumamosi saa 4 asubuhi na mume wangu, mwenye kituo katupokea vizuri mno, katutembeza, vitanda vimetandikwa mashuka meupe, midoli imepangwa kwenye shelfu, kuna harufu ya dettol, wadada watatu wamevaa sare wanatabasamu, tukalipa 80,000 ya mwezi siku hiyohiyo na 30,000 ya fomu. Njiani mume wangu akasema hapa mtoto atakaa kwa amani. Hata hatukujiuliza mbona Jumamosi hakuna watoto, na hao wadada watatu wote wapo siku za kazi au ni wa kuitwa kukiwa na wageni.

Wiki mbili za kwanza mtoto akawa anarudi kalala. Nikimchukua saa 12 jioni kalala, nikifika nyumbani kalala, anaamka saa 3 usiku analia ananyonya kama hajala siku nzima, alafu yale maziwa niliyokamua yanarudi nusu au yanarudi yote nikiuliza naambiwa "mama mtoto wako ni mpole, hasumbui, anapenda kulala". Nikafurahi kuambiwa mwanangu mpole. Wiki ya tatu makalio yakababuka yakawa mekundu kabisa, nikiuliza naambiwa wanambadilisha kila baada ya masaa matatu. Mama mmoja kazini kwetu, mtu mzima amelea watoto watano, akaniambia asubuhi mvalishe pampasi wewe mwenyewe, kabla hujaifunga chora alama ndogo ya kalamu pale mbele kwa ndani. Nikachora msalaba mdogo wa bluu. Jioni saa 12 na nusu nimefika nyumbani nimemfungua, msalaba wangu huu hapa. Pampasi ileile ya saa 12 asubuhi, imevimba nzito kama tofali. Nililia mpaka mume wangu akadhani mtoto kafanya nini.

Siku ya pili sikusema chochote, nikampeleka kama kawaida, nikaomba ruhusa ofisini, saa 7 mchana nikawa getini. Sikupiga simu. Nikagonga sana ndo nikafunguliwa na mlinzi. Vile vitanda vyenye mashuka meupe vilikuwa vitupu, chumba kimefungwa. Watoto wachanga walikuwa chumba cha nyuma chini ya bati, hakuna silingi bodi, joto lile la mwezi wa pili unalijua, mkeka mmoja, nikahesabu watoto 11, tivii inaongea kwa sauti, na msichana mmoja peke yake ambaye kwa kumwangalia hajafika miaka 17. Mwanangu kalazwa pembeni, chupa imeegemezwa kwenye kanga iliyokunjwa ili anyonye mwenyewe bila mtu kushika, na kwenye chupa siyo maziwa yangu, ni uji. Uji mwepesi wa mahindi, mtoto wa miezi 4 na nusu. Alikuwa anameza anakohoa, anameza anakohoa. Nilimnyanyua nikakaa naye pale chini nikashindwa hata kugomba.

Yule msichana simlaumu mpaka leo. Kaniambia kwa sauti ya chini "dada tuko wawili tu na mwenzangu anapika, nikimshika mmoja wengine wanalia". Alikuwa anasema kweli. Mikono miwili watoto kumi na moja haiwezekani hata angekuwa na huruma ya namna gani, ndo maana wanapewa uji washibe walale, na kuna vituo nimekuja kusikia kwa wamama wengine wanatumia hadi dawa za mafua zile zinazoleta usingizi. Kwangu sina ushahidi wa hilo kwahiyo siwezi kusema walifanya, ila mtoto wako akiwa analala kupita kawaida yake siku za kazi tu na wikiendi yuko mchangamfu, usikae nalo moyoni, mtoe huko na mpeleke akaonwe na daktari.

Kwahiyo swali lako la bembea na nyumba ya kawaida mi nakujibu hivi, mtoto wa miezi 4 habembei. Anataka mtu wa kumshika, kumbadilisha na kumlisha, basi. Nenda hivyo vituo vyote viwili siku ya kazi, saa 7 mchana au saa 8, bila taarifa. Asubuhi kila kituo kinapendeza maana wazazi wanaleta, jioni kila mtoto kaoshwa kapakwa mafuta maana wazazi wanakuja. Saa 7 ndo watoto wamechoka, wadada wamechoka, wengine wamekaa na simu, chakula kinaivishwa, joto limepanda, hapo ndo utaona kituo chenyewe. Ukizuiwa getini eti utaratibu hauruhusu wazazi muda huo, shukuru Mungu umejibiwa mapema, ondoka.

Ukishaingia hesabu. Hesabu watoto ambao hawatembei, alafu hesabu watu wazima walioko nao chumbani, siyo wa jikoni wala mwenye kituo aliyekaa ofisini. Mi kipimo changu ni moto, ukitokea moto mtu mmoja atatoka na watoto wangapi mkononi, wawili, akijitahidi sana watatu. Uliza pia wanapikia wapi. Nimewahi kuona jiko la mkaa lipo koridoni na watoto wanaotambaa wanapita palepale, nikatoka hata sijaketi. Angalia na maji, ndoo na mabeseni yaliyo wazi, simtanki haina mfuniko, matairi na makopo nyuma ya nyumba, siyo kwa ajili ya kuzama tu, yule mbu wa dengi anauma mchana na anazaliana kwenye maji safi yaliyotuama, na mwaka 2014 na 2019 Dar hii tuliona ilivyosumbua. Mtoto akilala mchana awe kwenye neti, alazwe chali, siyo kifudifudi na mito pembeni.

Tivii nayo, shirika la afya duniani WHO mwaka 2019 walishasema mtoto chini ya mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini kabisa. Ukikuta tivii inawaka chumba cha wachanga jua ndo yaya mwenyewe.

Sasa maziwa, hapa nataka uelewe vizuri maana ndo shida ya umri wa mwanao. Mpaka miezi 6 ni maziwa ya mama tu, hata kliniki wamekuambia, kwahiyo kituo waambie wazi hakuna uji, hakuna maji, hakuna juisi, na waangalie usoni ukiwaambia. Akicheka akasema "mama maziwa tu hashibi" huyo atampa uji ukigeuka. Maziwa uliyokamua kwenye joto la kawaida yanakaa kama masaa 4, na hiyo ni joto la nyuzi 25, Dar yetu hii mchana inapita hapo karibu mwaka mzima, kwahiyo usitegemee meza. Nunua deli dogo na vipande vya barafu, gawa maziwa kwenye vikopo vidogo vya mlo mmoja mmoja, andika saa uliyokamua, wao waweke kwenye friji wakipokea, na uliza Luku ikiisha au umeme ukikatika wanafanyaje. Kupasha wasichemshe jikoni, wanaweka kikopo ndani ya maji ya moto tu inatosha. Na mtoto kama yuko tayari kunywa kwa kikombe ni bora kuliko chupa, kikombe kinaoshwa kikatakata na hakiwezi kuegemezwa kwenye kanga, lazima mtu amshike ndo anywe. Kwangu hiyo peke yake ilitosha kuhamia kikombe.

Alafu ofisini kwako wengi hawajui au wanajifanya hawajui, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama anayenyonyesha mpaka masaa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi. Mi niliandika barua HR nikaomba hayo masaa yote niyachukue mwisho wa siku, nikawa natoka saa 9 badala ya saa 11, napita Buguruni kabla foleni haijaiva, saa 10 na kitu niko na mwanangu. Usiombe kwa mdomo, andika.

Karibu na nyumbani au karibu na kazini? Wapo watakaokushauri Posta ili ukanyonyeshe mchana, na kama una gari yako au ofisi yako ina kituo jirani sawa. Ila kwa daladala ya Segerea saa 12 asubuhi, umebeba mtoto wa miezi 4, deli na mkoba, watu wamebanana mlangoni, masika yakianza ndo usiseme. Mi nasema nyumbani, tena upande ule wa barabara unaorudia, na pawe pa kutembea kwa miguu kwa mume au jirani siku umekwama. Siku mto Msimbazi umejaa utakwama tu, kwahiyo nani wa pili wa kumchukua ni la kupanga kabla hujalipa ada.

Karatasi usizidharau pia. Deikea ziko chini ya Ustawi wa Jamii, Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka kituo kisajiliwe, omba uone cheti cha usajili, siyo leseni ya biashara wala cheti cha shule, wengine wanakuonyesha hivyo ili usijue tofauti. Ukiwa na wasiwasi nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, wanavijua vituo vilivyoandikishwa. Ila kituo changu cha kwanza kilikuwa na cheti kimetundikwa ukutani kwenye fremu, kwahiyo cheti ni mwanzo, siyo mwisho. Ukikuta mtoto anaumizwa, wako au wa mwenzio, piga 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure. Mi nilienda kwa afisa ustawi kuelezea nilichokiona na nilijilaumu kwamba nilichelewa wiki mbili kwa kuogopa kuonekana mgomvi.

Tulipohamia ni kwa mama mmoja huko Kimanga, nyumba yake mwenyewe, hana bembea, ukuta umebanduka rangi. Nilimkuta saa 7 na robo kakaa chini kwenye mkeka anamlisha mtoto wa watu kwa kijiko, hakunyanyuka, kaniambia "karibu mama, kaa hapo nimalize na huyu kwanza". Watoto 7, yeye na wasaidizi 2 watu wazima. Alipomaliza akawa ananiuliza yeye maswali. Kadi ya kliniki iko wapi, chanjo ya wiki 14 kapata, nani anaruhusiwa kumchukua nimwone sura, akisinzia anapenda kubebwa mgongoni au kupigwapigwa, homa ikipanda nimpigie nani usipopatikana. Kule kwa kwanza niliulizwa namba ya kulipia tu. Ana daftari la kila mtoto, saa 3 kanywa kikombe, saa 4 kabadilishwa, saa 5 mpaka saa 6 na nusu kalala, maandishi ya haraka yana madoa ya maziwa, ndo nikajua yanaandikwa mchana siyo jioni. Alikuwa 150,000, karibu mara mbili, tulipunguza vingine. Siku mtoto akiwa na homa ananirudisha getini, mwanzo nilikasirika maana naomba ruhusa tena kazini, baadaye nikaelewa ndo maana wengine hawaambukizwi. Na kasoro anazo, akifunga saa 11 na nusu kafunga, kila ukichelewa unalipa.

Usimpeleke siku moja kabla ya kuanza kazi. Kama umebakiwa na siku hata tano, siku ya kwanza kaa naye hapohapo masaa mawili, ya pili mwache saa moja urudi, ya tatu nusu siku, hivyohivyo. Atalia, na wewe utalia njiani, kaka zangu wa bajaji pale Bima walishanizoea. Mbebee kanga uliyolala nayo usiku, waitandike anapolala, itakuwa na harufu yako na ya maziwa. Ijumaa akirudi nayo usiifue mpaka Jumatatu umpe nyingine uliyolala nayo.