Barua kwa mwanangu: anza na yaliyokuwa sandukuni

Mwanangu Neema,

Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia kwamba padri wa kijijini kwako huko Lincolnshire, Uingereza, amekuomba umsaidie kuandika historia ya parokia yao. Umeniuliza uanzie wapi, na kama inafaa mtu wa Zanzibar aandike habari za watu ambao mababu zao wamezikwa palepale uani kwa kanisa. Nakujibu kama mama yako, na kama mtu aliyefanya kazi ya nyaraka hadi kustaafu.

Usianze na jengo wala ubao wa majina ya mapadri. Ukianza hapo utaishia na historia ya mapadri na matajiri waliowapa nafasi. Anza na yaliyokuwa sandukuni. Kanuni za Kanisa lao la Anglikana za 1604 ziliagiza kila parokia iwe na sanduku la kutunzia vitabu vyake, lenye kufuli tatu, ufunguo mmoja kwa padri na miwili kwa wazee wa kanisa, asiwepo wa kulifungua peke yake. Siku hizi sehemu kubwa ya makaratasi hayo imehamishiwa kwenye hifadhi ya nyaraka mjini Lincoln. Nenda na penseli, kalamu ya wino iache nyumbani.

Vitabu vya ubatizo, ndoa na maziko viliamriwa na Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, mwaka 1538. Mwaka 1598 ikaagizwa viandikwe kwenye ngozi, na nakala ya kila mwaka ipelekwe kwa askofu. Ukikuta ukurasa umeliwa na unyevu, ulizia nakala hiyo. Miaka ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, hadi mfalme aliporudi mwaka 1660, mapengo ni mengi, usiyajaze kwa kubuni. Na angalia tarehe: hadi 1751 mwaka wao ulianza 25 Machi, kwa hiyo Februari 1640 ya kitabuni ni Februari 1641 kwetu. Andika 1640/41, msomaji ataelewa.

Ninachokusihi zaidi ni vitabu vya maskini. Sheria ya 1601 iliibebesha kila parokia jukumu la kuwalisha maskini wake kwa kodi ya wenyeji, na wasimamizi walipaswa kutoa hesabu: viatu vya yatima, kuni za mjane, sanda ya mzee. Sheria ya 1662 ikaruhusu mgeni anayeelekea kuwa mzigo arudishwe parokia yake. Kabla ya kurudishwa alihojiwa mbele ya mahakimu: alizaliwa wapi, alimtumikia nani, kwa ujira gani. Kwa mtu asiyejua kuandika, mara nyingi hayo ndiyo maneno yake pekee yaliyobaki duniani. Utakuta pia wasichana wajawazito wasio na waume waliosukumwa kuvuka mpaka wa parokia kabla ya kujifungua, kwa sababu mtoto wa nje ya ndoa alihesabiwa wa parokia alikozaliwa. Yaandike hayo waziwazi, hata kama padri atapenda kitabu chenye amani zaidi. Makaburi ya watu hao hayana mawe. Wasipoingia katika kazi yako, sijui wataingia wapi.

Wamethodisti nao usiwaruke. John Wesley, mwanzilishi wao, alizaliwa mkoa huohuo, Epworth, mwaka 1703, na tarehe 30 Machi 1851 serikali ilihesabu waliohudhuria ibada katika makanisa ya kila dhehebu. Linganisha hesabu za kijijini kwako.

Sasa swali lako la pili. William Tozer alikuwa padri wa Burgh le Marsh, na Edward Steere wa Little Steeping, vijiji vya mkoa huohuo unaoishi. Waliondoka pamoja mwaka 1863 kuja Afrika kama wamisionari, na mwaka uliofuata misheni yao ikahamia Unguja. Steere alikaa na watu wa mji wetu, akasikiliza hadithi zao, akazichapa mwaka 1870. Ndiye aliyejenga kanisa letu la Mkunazini palipokuwa soko la watumwa, na amezikwa humo, nyuma ya altare, tangu 1882. Alikuja mgeni akaandika habari zetu, na mpaka leo tunazisoma. Nawe sikiliza wazee wa hapo kwa uvumilivu kama wake, uwasomee ulichoandika kabla ya kukichapa.

Tena nina ombi. Tangu 1813 vitabu vya ubatizo vina fomu zilizochapwa, na safu ya mwisho ni ya jina la aliyebatiza. Ukifika Lincoln, omba kitabu cha Little Steeping cha miaka iliyotangulia 1863, uitafute saini ya Steere. Wakiruhusu, nipigie picha, pamoja na majina ya watoto aliowabatiza.

Mama yako